Kuchagua Kisiwa kwa Mapumziko ya Siku Chache

Matangazo ya safari za visiwani huhesabu usiku: siku 3 usiku 2 Unguja, siku 4 usiku 3 Mafia. Mwenye likizo ya mwezi mzima haathiriki na hesabu hiyo. Mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu tu huathirika sana, kwani usiku humpita amelala, na saa za mchana ndizo alizozilipia. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mlaji wa Dar es Salaam mwenye siku tatu au nne na fedha aliyoidunduliza kwa miezi mingi, ambaye anataka kuamua kati ya Unguja, Pemba na Mafia kabla hajatoa malipo yoyote.

Anza kwa karatasi na kalamu. Andika saa utakayotoka nyumbani kwako, si saa ambayo chombo hung'oa nanga. Tuseme boti ya Unguja inaondoka saa moja asubuhi. Anayeishi Mbagala hana budi kuwa njiani alfajiri, ili awahi ukaguzi wa tiketi na mizigo. Boti ziendazo kasi huchukua takriban saa mbili, hivyo atashuka bandarini Malindi karibu saa tatu. Kama hoteli yake iko Nungwi, ana zaidi ya saa moja ya barabara, na akifika ataambiwa kuwa chumba hutolewa saa nane mchana. Siku ya kurudi atatakiwa kukabidhi ufunguo saa nne asubuhi. Katika siku zake tatu, siku kamili ni moja tu. Angechagua nyumba ya wageni katika Mji Mkongwe, angeacha begi mapokezi saa tatu na nusu na kuanza matembezi papo hapo.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa visiwa vingine. Boti za Pemba zinazotoka Dar es Salaam kwa kawaida hupitia Unguja, nazo haziondoki kila siku. Ratiba ndiyo itakayokuamulia siku ya kurudi. Pemba ina Msitu wa Ngezi, Kisiwa cha Misali na mashamba ya mikarafuu, na watalii ni wachache kuliko Unguja, lakini kwa maoni yetu si kisiwa cha siku tatu isipokuwa kwa mwenye uwezo wa kwenda na kurudi kwa ndege. Mafia nayo ina sura mbili. Kwa ndege ndogo, ni safari ya nusu saa au zaidi kidogo hadi Kilindoni. Kwa bahari, unakwenda kwanza kwa gari hadi Nyamisati, kisha unapanda chombo kwa saa kadhaa. Tangazo la bei nafuu la Mafia lisilotaja njia ya usafiri lina jambo linaloficha, na swali la kwanza la mlaji liwe hilo.

Msimu hubadili kisiwa kilekile kikawa kingine. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, bei hushuka na baadhi ya hoteli hufungwa. Anayezinunua siku hizo ajue ananunua na mvua. Kusi huvuma kati ya Juni na Septemba, hewa ikiwa ya ubaridi na bahari yenye mawimbi. Kaskazi huja na joto kuanzia Desemba. Anayekwenda Mafia kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, achague kati ya Oktoba na Machi; nje ya miezi hiyo, ahadi ya kumwona ni ya kutiliwa shaka. Vilevile tazama kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hutangulia kwa takriban siku 11, migahawa mingi ya Zanzibar hufungwa mchana, na haifai kula hadharani.

Jambo linalowaudhi wageni wengi, na ambalo wauzaji ni nadra kulitaja, ni maji kupwa na kujaa. Picha za pwani ya mashariki ya Unguja hupigwa maji yakiwa yamejaa. Huko Paje, Bwejuu na Jambiani kina ni kifupi na mwamba uko mbali, hivyo maji yakipwa hurudi nyuma mamia ya mita, na anayetaka kuogelea hubaki akitembea juu ya mchanga na majani ya baharini. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti huwa ndogo. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, kina huanza karibu na ufuko, na mtu huweza kuogelea karibu saa zote.

Hii haina maana kwamba Paje ni mahali pabaya. Asubuhi ya bamvua ndiyo saa wakulima wa mwani wanapoingia mashambani mwao, na wapo wageni wanaoipenda kuliko kuogelea. Lakini mwenye asubuhi mbili tu, ambaye watoto wake wameahidiwa bahari, aangalie jedwali la maji kabla ya kuchagua tarehe.

Kuhusu bei, omba ielezwe kwa maandishi. Je, ni ya mtu mmoja, au ya mtu mmoja akishirikiana chumba na mwenzake? Je, imejumuisha usafiri kutoka bandarini, kodi na tozo za kila usiku, na, kwa Mafia, ada ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995? Ndege ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu za mzigo. Kilo za ziada hulipiwa. Ukifuatana na mgeni asiye Mtanzania, kumbuka kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar humtaka awe na bima ya safari inayotolewa huko, ambayo ilianza kwa dola 44 za Marekani. Usitume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi anayejiita wakala kabla hujaipigia hoteli yenyewe na kuthibitisha kuwa chumba kipo na kimeandikwa jina lako. Dai risiti ya kielektroniki.

Usalama wa chombo haupaswi kupunguziwa bei. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia walifariki. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama katika upepo mkali ikielekea Unguja kutoka Dar es Salaam. Kata tiketi yenye jina lako mwenyewe katika ofisi ya kampuni, kwani orodha ya majina ndiyo hutumika kuwatafuta abiria. Ukiona chombo kimejaa hadi kwenye njia za kupita, au hukuoneshwa jaketi la kuokolea maisha lilipo, shuka. Safari ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, uliza papo hapo kama tiketi itahamishiwa siku nyingine au fedha itarudishwa, na jibu liandikwe nyuma ya tiketi.

Ukiuziwa kisichokuwa kile kilichotangazwa, lalamika kwanza kwa muuzaji kwa maandishi, ukitaja tarehe, kiasi ulicholipa na unachodai. Hifadhi tangazo lenyewe, kwa kuwa huondolewa upesi mtandaoni. Picha ya skrini inatosha. Asipojibu, matangazo ya udanganyifu Tanzania Bara hupelekwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, malalamiko ya vyombo vya majini hupelekwa TASAC, na ya ndege kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Zanzibar ina mamlaka zake, na huduma iliyotolewa kule hulalamikiwa kule. Omba namba ya lalamiko kabla hujaondoka dirishani.