Siku ya Mama Imekaribia, Nawe Uko Mbali na Tunduma

Haya wadogo zangu, leo nazungumza na ninyi mlioiacha Tunduma mkafuata maisha Dar es Salaam, Lusaka au ng'ambo ya bahari. Siku ya kuzaliwa ya mama inakaribia, nauli haijatimia au likizo imenyimwa, na moyo hautulii.

Keki mtumie, sikatazi. Na hela ukituma, weka na ya kutolea. Lakini keki huliwa ikaisha jioni ileile, mama akabaki na majirani zake. Mimi nashauri hao majirani waingie kwenye sherehe.

Mpigie mwenyekiti wa mtaa. Msalimie kwanza, umuulize habari za nyumbani, ndipo uulize kuna shughuli gani ya mazingira mwezi huo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, kwa hiyo hukosi pa kuanzia. Nunua reki na glovu, au gharamia chai na maandazi kwa watakaozibua mtaro, isemwe wazi kuwa ni kwa heshima ya mama fulani anayetimiza miaka kadhaa. Mama zetu hufurahi kutajwa kwa wema mbele za watu.

Kwenye miti nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hela nyingi hupotea. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni, na wengi hutuma fedha za miche siku hiyo. Songwe mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mche wa Juni unaanza maisha na kiangazi! Wageni wakishaondoka na picha kupigwa, unabaki peke yake na vumbi na mbuzi. Juni lipia udongo, viriba na mbegu za kitalu. Kupanda kuwe Desemba au Januari, mvua ikiwa imekolea. Ukishindwa kungoja, panda mmoja tu uani kwa mama, mahali ambapo maji ya kuoshea mboga yanafika. Wale wajukuu wenye hamu ya kummwagia bibi maji siku yake, waambie ndoo hiyo waipeleke kwenye mche.

Mti gani? Mparachichi uliobebeshwa, kwa maoni yangu, kwani ukitunzwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, bibi akala na wajukuu. Mikaratusi hukua haraka, ila usiichangie kabisa karibu na chemchemi wala mto. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji.

Kisha chagua mtoto mmoja wa nyumbani awe mmwagiliaji, umtumie chochote kila mwezi naye akutumie picha ya mche. Ukiachia "familia nzima", hakuna atakayekumbuka.

Mlioko Zambia, saa yenu iko nyuma kwa saa moja. Ukipiga saa tatu usiku ya Lusaka, Tunduma ni saa nne na mama keshalala, kwa hiyo wahi. Na ukija, usivushe miche kutoka Nakonde bila cheti cha afya ya mimea. Magonjwa na wadudu husafiri na udongo. Nunua kwenye vitalu vya Mbozi, iko mingi na imezoea baridi yetu.