Mkate, Uzito na Hesabu ya Kalori: Kijitabu cha Nyumba za Dunga

Swali linaloulizwa sana na wenye nia ya kupunguza uzito, akina mama hasa, ni kama imewapasa kuuhama mkate. Na jibu la kijitabu hiki ni kwamba haikuwapasa kuuhama, bali imewapasa kujua boflo moja lina uzani gani, limekatwa slesi ngapi, nini kilichopakwa juu yake, na chai iliyoliteremsha ilitiwa sukari kiasi gani, kwa kuwa mara nyingi mkate hulaumiwa kwa makosa ya vitu vilivyofuatana nao.

Haja ya elimu hii ni dhahiri. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015, kwa watu wa miaka 18 hadi 69, ulikuta kwamba katika kila wanawake 100, wapatao 38 walikuwa na uzito uliopita kiasi, ilhali wanaume walikuwa 17 katika mia. Na uzito wa namna hiyo, ukikaa mwilini miaka mingi, huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Mvuvi wa Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria karibu na Kisumu, apigaye kasia na kuvuta nyavu usiku kucha huchoma chakula kingi kwa kazi yake. Lakini mchuuzi akaaye kitako kando ya karai la samaki tangu asubuhi hata alasiri, na kijana aendaye mjini Kisumu kwa bodaboda na kurudi kwa bodaboda, hawana haja ya sahani iliyo sawa na ya mvuvi, na bado aghalabu hupakuliwa sawasawa.

Boflo na slesi zake

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo chakulani. Gramu moja ya wanga, na kadhalika gramu moja ya protini, hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Mkate mweupe wa ngano una kalori zipatazo 265 katika gramu 100. Basi boflo la gramu 400, ambalo limezoeleka sana katika maduka yetu, lina kalori 1,060 hivi. Zihesabu slesi zake, pamoja na zile mbili za ncha ambazo watoto huzikataa, kisha uigawanye jumla ile kwa idadi yake: zikiwa 16, kila slesi ina kalori 66. Hesabu hii hufanywa mara moja tu kwa kila aina ya mkate, ikaandikwa kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati.

Sasa na kitazamwe kifungua kinywa cha kawaida. Mtu mzima ameketi na slesi 4, ambazo ni kalori 264. Kila slesi imepakwa majarini kadiri ya kijiko cha chai (wengi huiita Blue Band hata ikiwa imetoka kiwanda kingine), na kila kijiko kina kalori kama 35, jumla 140. Vikombe viwili vya chai, nusu maji na nusu maziwa, vina kalori 160 za maziwa. Na vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe, vijiko vyenyewe vikiwa vimejaa hata kufanya kichuguu, vinaleta 150 nyingine. Jumla imepita kalori 700, na mkate wenyewe haukufika hata nusu yake. Mtu huyo huyo, akila slesi 2 kavu na yai moja la kuchemsha, akanywa kikombe kimoja chenye kijiko kimoja cha sukari kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, atakuwa amekula kalori 300 na kidogo, wala hakuuacha mkate.

Wala asidhani kuwa atapata nafuu kwa kuukimbia mkate na kuyaelekea mandazi, kwani andazi moja la kiasi, kwa mafuta liliyonywa karaini, hushinda slesi mbili, na chapati moja iliyokaangwa vizuri aghalabu hulingana na slesi tatu au nne.

Kuhusu mkate wa rangi ya kahawia, ambao wengi huununua kwa imani kwamba unakondesha, kalori zake hazitofautiani sana na za ule mweupe. Ubora wake umo katika pumba la ngano, ambalo hulainisha choo na kukawiza njaa; lakini rangi peke yake si ushahidi, hivyo isomwe karatasi yake, na unga wa ngano nzima uwe umetajwa mwanzo wa orodha. Yafaa pia ijulikane kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawalazimisha wasagaji kutia madini ya chuma, zinki na vitamini katika unga wa ngano na wa mahindi uliofungwa kiwandani, kwa hiyo mkate mweupe nao si chakula kitupu.

Upungufu mkubwa wa mkate ni shibe. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, nchini Australia, waliwalisha watu vyakula mbalimbali kwa sehemu zenye kalori 240 kila moja, wakapima shibe yao kwa muda wa saa mbili, na mkate mweupe wakaufanya kuwa kipimo cha 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, samaki 225, mayai 150. Habari hii ingekuwa ya mbali kwa mtu wa nchi kavu, lakini kwa nyumba za Dunga ni neema iliyo mlangoni, kwani slesi mbili zikiambatana na kipande cha samaki ngege kilichosalia katika mchuzi wa jana zitamshibisha mtu kuliko slesi tano zilizopakwa majarini. Sharti ni kwamba samaki awe wa mchuzi, au wa kuchoma, au omena waliopikwa kwa nyanya na kitunguu. Aliyetumbukizwa katika karai la mafuta hubeba mafuta yale mpaka sahanini, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120, karibu slesi mbili kamili.

Hesabu ya paketi

Desturi ya kuhesabu kalori kwa ajili ya kupunguza uzito ilienezwa Marekani na tabibu mwanamke, Lulu Hunt Peters, katika kitabu chake cha mwaka 1918, akiwafundisha watu kukipima chakula kwa mafungu ya kalori 100. Njia yake humfaa mtu mwenye sahani yake pekee. Nyumba zetu hula kutoka sufuria moja, ugali humegwa kwa mkono, na mama apimaye kila tonge mbele ya watoto na wageni atachoka kabla juma halijakwisha, fauka ya hayo ataonekana mchoyo. Kwa hiyo twashauri hesabu ianzie kwenye vitu vinunuliwavyo, si kwenye sahani.

Chukua nyumba ya watu watano. Boflo la gramu 400 likiliwa kila siku, kila mtu amepata wastani wa kalori 212. Sukari kilo 2 zikiisha kwa juma moja, kila mtu amekula gramu 57 kwa siku, yaani kalori 228. Na Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa mtu atumiaye kalori 2,000, na ikiwezekana iwe nusu ya hizo. Lita moja ya mafuta ya kupikia, yenye kalori 8,200 hivi, ikiisha kwa siku tano, ni kalori 328 kwa kila mtu kwa siku. Paketi ya unga wa mahindi ya kilo 2, ikiliwa siku mbili, ni kalori 720 kwa kila mtu. Katika orodha hii yote mkate ndio wenye fungu dogo kuliko wenzake, ilhali ndio ushutumiwao. Nyumba hiyo ikipunguza sukari iwe kilo 1 kwa juma, na mafuta yakadumu siku nane badala ya tano, kila mtu amepungukiwa na kalori zipatazo 237 kwa siku, wala hakuna aliyenyimwa slesi.

Wastani huu haukugawanywa kwa haki kamili, kwani baba hula zaidi ya mtoto, lakini watosha kuonyesha mlango ambao uzito hupitia. Kwa mtu mzima anayetaka kupungua, upungufu wa kalori 500 kwa siku hupunguza mwanzoni karibu nusu kilo kwa juma, kisha mwendo hupoa, maana mwili mdogo hutumia kidogo. Hiyo si dalili ya kushindwa, na wala isiwe sababu ya kujifungia njaa: chini ya kalori 1,200 kwa siku mtu asishuke bila kauli ya tabibu.

Hadhari

Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha hawahesabiwi kalori za kukonda. Mwenye kisukari atumiaye insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuonana na mhudumu wake, kwani dawa ile ile juu ya chakula kichache yaweza kuishusha sukari hata mtu akazimia.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, nasi twataka lisemwe wazi. Katika miaka ya 1980, ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, ukimwi uliitwa silimu kwa jinsi ulivyowakondesha watu, na tangu siku zile mtu akipungua hapa mwambaoni jirani humtazama kwa shaka, hata wengine wakachagua kubaki na unene unaowadhuru kuliko kuulizwa wana nini. Na wapo wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi zenye dolutegravir, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2017, wakaona uzito umepanda. Hilo ni jambo lililothibitishwa, hasa kwa wanawake, na watabibu wanalijua. Mwenye kuzitumia asiruke dozi hata moja kwa sababu ya uzito. Na alipeleke shauri lake kliniki pamoja na hesabu yake ya boflo, sukari na mafuta, apimwe uzito na shinikizo la damu. Na asiyeweza kufika amwite mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, kwani tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu hao mikoba yenye mizani na vyombo vya kupimia shinikizo na sukari, nao huja nyumbani bila malipo.