Redio Haipigi Albamu, Wadogo Zangu

Haya, wadogo zangu wa kompyuta na spika, leo ni zamu yenu. Ujumbe umekuwa ukiingia kutoka Mbagala, Manzese, Tanga hadi Mombasa, na ukiondoa salamu, wote unauliza kitu kimoja: sisi ni kundi la maprodyuza, hatuna lebo wala meneja, tumekusanya kazi zetu pamoja, nyingi biti tupu na chache zina MC, tumepeleka kituoni, kimya. Tufanye nini redio ipige mkusanyiko wetu?

Naanza na jibu msilolitaka. Redio haipigi mkusanyiko. Redio inapiga wimbo mmoja, ndani ya kipindi kimoja, kwa uamuzi wa mtu mmoja aliyekaa mbele ya mashine huku tangazo la sabuni likikaribia kuisha. Mkimpelekea flashi yenye nyimbo kumi na nne mmempa kazi ya kuchagua, na muda wa kazi hiyo hana. Flashi itaingia kwenye droo. Nimewahi kukaa upande ule wa kioo na droo hiyo naijua: flashi zilizomo zinatosha kufungulia duka.

Kwa hiyo chagueni mmoja. Najua hapo mmeshaanza kuangaliana. Makundi mengi hayavunjwi na redio, yanavunjwa na swali hili. Kila mtu anaona wake ndio unaobeba. Mwenye studio anaona ni haki yake kwa sababu umeme analipa yeye. Mwenye wafuasi wengi Instagram anasema bila yeye nani angewasikiliza. Na yule mpole wa pembeni, ambaye mara nyingi ndiye mwenye wimbo wenyewe, ananyamaza.

Ushauri wangu: msichague ninyi. Wekeni nyimbo zote kwenye simu bila majina, mpeni dereva wa bajaji, dada wa saluni, kaka wa chipsi, watu wasiojua nani katengeneza nini. Msiwaulize "upi mzuri," maana watawajibu kwa adabu. Kaeni kimya muangalie ni wapi mtu anageuka na kuuliza, "Huu wa nani?" Huo ndio unaokwenda. Lakini kabla ya zoezi, kubalianeni kwamba wa pili na wa tatu nao watakwenda, ila kwenye vipindi vingine na kwa watu wengine. Hapo ndipo mnapomzidi msanii wa peke yake: yeye ana wimbo mmoja na mlango mmoja, ninyi mna milango kadhaa. Ule wa kasi utafaa kipindi cha jioni cha uswahilini, wa taratibu wenye kinanda cha taarab utafaa usiku, na ule usio na sauti ya mtu kabisa una njia yake nitakayoieleza sasa hivi.

Maana wengi mnalalamika kwamba redio za nyumbani hazipendi biti tupu. Ni kweli, na sababu yake si ubaya wa moyo. Mtangazaji anaishi kwa maneno. Singeli yenyewe, muziki wetu wa kasi wa uswahilini, haikupanda hewani Dar es Salaam kama biti. Ilipanda na waimbaji akina Msaga Sumu, na wasikilizaji walishika maneno ndipo wakauzoea mwendo. Redio ya EFM ilipoipa singeli nafasi, iliwapa watu sauti za kuimba nazo kwenye daladala. Upande wa biti ulisikika zaidi mbali: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za maprodyuza wa studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, wakiwemo Bamba Pana na Jay Mitta, na watu wa Ulaya wasiojua Mburahati iko wapi wakaanza kuuliza habari za muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika. Miaka mitano baadaye, 2022, lebo hiyohiyo ikatoa Sounds of Pamoja kutoka studio ya prodyuza Duke, nao umejaa ma-MC. Mimi nausikiliza huo kama somo: mkusanyiko ni uleule wa jirani na jirani, ila ukitaka nyumbani waupokee, mtie mtu anayesema jambo.

Kama hamtaki MC, sawa, ni kazi yenu. Basi ombeni kitu kingine. Kila kituo kinahitaji muziki wa kufungulia kipindi, wa kupita chini ya matokeo ya mpira, chini ya foleni za barabarani, chini ya mtangazaji anaposoma salamu. Huo muziki wengi wanauokota mtandaoni, wa watu wasiojulikana. Mwendeeni mtu wa michezo mumwambie: huu ni wa sekunde 30, huu wa dakika moja, umetengenezwa Temeke, tunachoomba ni utaje jina letu mara moja kwa kipindi. Jina litatajwa kila siku hadi litazoeleka, na siku mtakayoleta wimbo mzima hamtakuwa wageni. Wa pili wa kumwendea ni dijei wa miksi za Ijumaa na Jumamosi. Huyo hahitaji maneno, anahitaji mapigo. Mwandikieni mapigo kwa dakika kwenye jina la faili, muachieni nafasi ya ngoma tupu mwanzoni na mwishoni aweze kuunganisha.

Sasa sauti yenyewe. Mnatengeneza kwa hedifoni, msikilizaji anasikia kwenye bodaboda. FM haibebi sauti kali zinazozidi mitetemo 15,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo zile cheche za juu mnazokesha nazo hazifiki. Redio nyingi za mezani na simu zina spika moja. Ukicheza sana na kushoto na kulia, vingine vinafutana vikikutanishwa. Sikilizeni kwa spika moja kabla hamjatoa. Besi ya chini kabisa haisikiki kwenye spika ndogo, ipeni mkwaruzo kidogo juu ili sikio lijue ipo. Na acheni kubana sauti hadi ukutani: kituo kina mashine yake ya kubana kila kinachopita, na wimbo uliokwisha kubanwa ukibanwa tena unatoka kama kelele za bati. Pelekeni faili la WAV, toleo la redio lisilozidi dakika tatu na nusu, likianza na kile kilichomfanya dada wa saluni ageuke. Na toleo safi, jamani. Matusi yanayochekesha kwenye kigodoro, ile sherehe ya usiku ya mtaani, hayapiti mchana. Mtangazaji akiyarusha, barua ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inakiangukia kituo chake, ninyi mko nyumbani mmelala.

Karatasi. Najua mnaziogopa, lakini hapa nitakaa kidogo, kwa sababu siku mbaya kwa kundi huwa ni siku redio inaposema ndiyo.

Kila wimbo una haki mbili: ya aliyetunga na ya aliyerekodi. Kwenye mkusanyiko wenu haki hizo ziko kwa watu tofauti, na wimbo mmoja unaweza kuwa na biti ya Juma, maneno ya Asha, kinanda cha jirani na studio ya kaka mkubwa. Andikeni kwa kila wimbo, ukurasa mmoja, nani ana asilimia ngapi ya utunzi na nani ana rekodi, kila mtu asaini, mpige picha, kila mmoja abaki nayo kwenye simu yake. Fanyeni wakati hakuna hata shilingi mezani, maana mgawanyo wa sifuri hauna ugomvi. Halafu kila wimbo uwe na ISRC yake, ile namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12. Kampuni nyingi za kusambaza muziki mtandaoni hukupa ukipitisha wimbo kwao. Namba ni ya wimbo, si ya albamu. Na jina la msanii liandikwe namna moja kila mahali. Ukijiita Dogo X leo na DogoX kesho, kwenye daftari la mirabaha hao ni watu wawili, na wote wawili hawalipwi.

Tanzania, sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya, kabla hamjajiunga na chama chochote cha kukusanya mirabaha, ulizeni KECOBO, bodi ya hakimiliki, nani ana leseni mwaka huu, kwa sababu leseni hizo zimekuwa na mivutano mahakamani na nje ya mahakama. Na wale mliochukua kipande cha taarab ya zamani mkakikimbiza, singeli ilianza hivyohivyo na siwalaumu, lakini wimbo huo usiwe ndio wa kwenda redioni. Mwenye kinanda naye ana redio.

Tumefika kwenye pesa ya chai. Mtaombwa. Wengine wataombwa waziwazi, wengine wataambiwa "mdogo wangu, unajua mambo ya promo." Jibu langu halibadiliki: ukiombwa hela, omba ankara yenye nembo ya kituo na risiti. Matangazo ni biashara halali na kituo kina idara yake. Kama mna fedha, nunueni tangazo la mkusanyiko wenu kama mfanyabiashara yeyote. Ikiwa hela inatakiwa iingie kwenye namba ya simu ya mtu, shukuruni kwa adabu muondoke. Anayelipwa ili apige ataacha kupiga siku mkiishiwa, na mtaishiwa mapema.

Wadogo zangu wa kike mnaotengeneza biti, najua mko wengi kuliko mnavyotajwa, nawavuta pembeni kidogo. Kituo kina mapokezi. Mtangazaji anayetaka mzungumzie wimbo wako hotelini saa nne usiku hazungumzii wimbo. Nenda mchana, nenda na mwenzako, na ukifika studio kaa kwenye kiti cha aliyetengeneza, usikubali kutambulishwa kama dada aliyesindikiza vijana. DJ Rachael wa Uganda amekuwa kwenye mashine tangu miaka ya 1990, na bado kuna watu wanaowauliza wasichana nani kawafungia nyaya.

Namna ya kubisha hodi, sina mengi. Sikilizeni kipindi kabla ya kukiandikia, wiki nzima, mjue kinapiga nini na kinapiga saa ngapi. Muandikieni mtu kwa jina, mistari michache: sisi ni nani, mtaa gani, wimbo huu mmoja unafaa sehemu hii ya kipindi chako kwa sababu hii, kiungo hiki hapa. Wiki ikipita kimya, kumbusheni mara moja tu. Msiwaagize marafiki wote watume "tunaomba wimbo wa fulani" kwa maneno yaleyale. Mtangazaji anaona, na wenzake wanasomewa kwa kicheko. Mwezi wa Ramadhani vituo vya pwani hubadilika, kaswida huchukua nafasi, basi singeli yenu isubiri Idi. Desemba nako ni msongamano wa wakubwa.

Na msidharau redio ndogo. Koch FM ilianzishwa na vijana wa Korogocho, Nairobi, mwaka 2006 ndani ya kontena, na mtangazaji wa redio ya jamii ana kitu ambacho wa kituo kikubwa hana: muda. Atawaita mkae nusu saa, apige nyimbo tatu, awaulize jinsi mlivyokutana. Hapo ndipo hata mkusanyiko mzima unaweza kusikika. Rekodini mahojiano hayo, kipande chake kizuri mkitume kwa kituo kikubwa. Mkiitwa, pelekeni wawili: mmoja anayeongea na mmoja aliyetengeneza wimbo unaopigwa. Mkienda kundi zima, mtasikika kama mkutano wa mtaa.

Redio za nje nazo zina njia zake. NTS ya London, iliyoanza 2011, ni ya mtandaoni na watayarishaji wake wengi huchagua muziki wenyewe, kwa hiyo mwandikieni mwenye kipindi, si kituo. BBC Introducing, ambayo wengi mmeniuliza, ni ya wanamuziki walioko Uingereza. Kama kwenye kundi lenu kuna binamu wa Leicester aliyetia kinanda, yeye anaweza kupeleka wimbo aliohusika nao, ninyi mlioko Tandale hamuwezi. Msimlipe mtu anayewaambia anaweza kuwaingizia wimbo huko.

Kuna watatu mliotuma viungo mkaniomba nisikilize, na nimesikiliza. Kundi la Tanga, wa kwenda redioni ni wimbo wenu wa sita, ule wenye sauti ya mama anayeuza maandazi. Ombeni ruhusa yake kwanza, mumuandike kwenye ule ukurasa wa asilimia. Vijana wa Manzese, kateni sekunde 50 za mwanzo, hakuna kinachotokea humo. Na dada wa Likoni, besi yako imeficha sauti ya MC. Ipunguze, nitumie tena kabla ya Ijumaa.