Kutoka Malindi ya Lushoto Hadi Mwambani: Nusu Siku ya Kuvua kwa Mshipi Tanga

Kijitabu hiki ni cha wakazi wa Malindi ya Lushoto, si ile ya Kenya yenye bahari mlangoni. Sisi bahari tunaifuata: unateremka Soni hadi Mombo, unapita Korogwe, pale Segera unaiacha barabara ya Dar es Salaam na kushika ya Muheza, kisha Tanga. Kumvua samaki kwa mkono wako, ukiwa na nahodha anayeujua mwamba, kunawezekana kwa asubuhi moja. Ila siku ya kwenda hupangi wewe.

Maji ndiyo yanayopanga

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mkondo huwa mkali. Mshipi hukokotwa pembeni, chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, haitulii chini, ndoana hunasa mwambani. Mgeni huvua kwa raha zaidi siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi mpigie nahodha, umuulize siku badala ya kumpangia.

Upepo nao una msimu. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huchafua bahari. Kaskazi hufuata mwishoni mwa mwaka, na kati ya pepo hizo huja matlai, bahari ikawa shwari. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mawimbi makubwa, safari imeahirishwa. Nahodha anayekubali kwenda hivyo hivyo eti kwa sababu umetoka mbali, mkimbie.

Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Wengi wetu tumekulia milimani na kuogelea hatujui. Kichefuchefu kikianza, kazia macho nchi kavu.

Mshipi mkononi

Nahodha hutafuta mwamba kwa alama za nchi kavu: mnazi fulani ukilingana na paa fulani. Siku isiyo na ukungu hata milima ya Usambara Mashariki huonekana. Nanga itupwe mchangani, kando ya mwamba, kwani matumbawe yakivunjika huchukua miaka mingi kuota tena.

Tia chambo, kipande cha ngisi kinatosha. Shusha mshipi mpaka uhisi chubwi imegusa chini, uinue kidogo, kisha uulaze juu ya kidole cha shahada. Samaki wadogo hudonadona tu, usivute. Chewa akimeza hukimbilia pangoni, naye usimpe nafasi. Usiuzungushe mshipi mkononi hata mara moja, maana samaki mkubwa akivuta ghafla utakukata vidole.

Ukipata kitoweo cha kutosha, kunja mshipi. Samaki aliyepandishwa kutoka kina kirefu mfuko wake wa hewa huvimba, hivyo kumrudisha majini mara nyingi ni kumtupa tu. Na chewa wa aina nyingi huanza maisha akiwa jike, ndipo akikua hugeuka dume. Tukibeba wakubwa wote tunabakiza majike bila madume.

Eneo kubwa la pwani hii limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa 2009. Silikanti ni samaki aliyedhaniwa ametoweka zamani pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga wavuvi walianza kuwanasa kwenye majarife ya kina kirefu miaka ya 2000. Kuhusu kibali, ada na sehemu zisizoruhusiwa, muulizeni afisa uvuvi kabla ya kuondoka. Kasa akinasa, akatiwe mshipi aende zake.

Kurudi mlimani

Bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, asipikwe: ana sumu inayoua. Wengine watumbueni palepale, muwatie kwenye barafu au muwakaange kabla ya kupanda basi. Jodari na vibua wawahisheni kwenye barafu kabla ya wote. Wakilala kwenye joto hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.