SOMO LA KUPANGA HATI YA WASIA

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 282, ametuamuru tuyaandike madeni pamoja na muda wake, mbele ya mashahidi, na mwandishi awe mwadilifu. Lakini hati iliyoandikwa pasipo mpango huzaa ugomvi ule ule uliokusudiwa kuondolewa.

Twaa mfano huu. Mtu wa Daudi, katika nchi ya Mbulu, ameandika: "Shamba la bondeni na ng'ombe watatu ni vya Fulani." Kisha amekufa. Je, ng'ombe hao ni wa Fulani tangu zamani, na marehemu aliwekewa tu awalishe? Au ameusia apewe? Wakiwa amana, si mali ya marehemu, hurudishwa wote. Wakiwa wasia, huhesabiwa katika thuluthi, ila warithi wakiridhia kuzidi. Jambo halikuwekwa mahali pake, na kwa sababu hiyo mayatima waweza kupoteza haki yao, au mwenye amana yake.

Dawa ni kugawanya. Mafakihi wetu, kama Imamu Nawawi katika Minhaji, walivigawanya vitabu kwa milango na faslu, ili msomaji ajue yuko wapi. Nawe fanya vivyo hivyo, kila faslu na jambo lake:

1. Jina lako, mahali, na tarehe.
2. Amana za watu zilizo mkononi mwako.
3. Madeni unayodaiwa na unayodai. Hesabu iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.
4. Wasia, usiozidi thuluthi, wala usiwe kwa mrithi pasipo ridhaa ya wenziwe.
5. Mali ya mirathi. Shamba litajwe mipaka yake; na likiwa na Hati ya Hakimiliki ya Kimila, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, itajwe nambari yake.
6. Majina na sahihi za mashahidi.

Usistaajabu kuona deni limetangulia wasia. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11, wasia umetajwa kwanza kwa matamshi, lakini wanavyuoni wamewafikiana ya kuwa deni hulipwa kwanza.

Ukiisha, msomee mtu asiyejua mambo yako. Akiuliza, "Hiki ni cha nani?" basi iandike tena ungali hai, kwani baada yako hapana wa kumjibu.

Wallahu aalam.