Sarafu ya kale isiyojulikana: anzia hapa

Usiisugue! Ndimu na majivu huondoa maandishi pamoja na kutu, na thamani hushuka papo hapo. Ishike ukingoni, uimulike kwa tochi kutoka ubavuni. Herufi zilizofifia zitajitokeza. Ukiona picha ya mizani na 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, hiyo ni pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, mwaka wa Hijria unaolingana na 1881–82. Heller, sarafu ya enzi ya ukoloni wa Wajerumani, itafutie herufi ndogo ya mahali ilipopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. T na mwaka 1916? Ilipigwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa haraka, kwa hiyo usiikatae kwa sura yake mbovu. Ipime kwa mizani ya sonara kabla ya kumsikiliza mnunuzi. Wazee nao waulize ilifikaje nyumbani, uandike.