Mtoto Asomaye Nje ya Shule: Milango Iliyopo Tabora

Mkoani Tabora wapo watoto wengi wanaosoma bila kuwa wanafunzi. Mmoja yuko mjini, Cheyo au Isevya, anafundishwa hesabu na babu yake, mwalimu mstaafu ambaye haridhiki na darasa lenye watoto tisini. Mwingine yuko kambini kwenye mashamba ya tumbaku ndani huko Kaliua, na jioni kaka yake humsomesha kwa daftari kuukuu. Yupo binti aliyeachia njiani kidato cha pili. Yupo pia asiyesikia, na wazazi wake wakaona afadhali abaki nyumbani kuliko kuchekwa.

Siku moja mzazi huenda shule ya serikali iliyo jirani na ombi dogo. Anaomba mwanawe aingie maabara, au acheze na timu ya shule, au aketi na wenzake mtihani ukifika. Swali atakaloulizwa ni moja: ameandikishwa?

Jibu likiwa hapana, ombi hilo huishia hapo, na si kwa sababu mwalimu mkuu ana roho mbaya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyefikisha umri wa kwenda shule aandikishwe elimu ya msingi na ahudhurie, na wajibu wa kumpeleka umewekwa kwa mzazi au mlezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaja mtoto kuwa na haki ya elimu. Hakuna utaratibu wa mzazi kujaza fomu na kusema, “Huyu nitamfundisha mwenyewe, nanyi mpokeeni siku za Jumatano kwa somo la kemia.” Nusu mwanafunzi hayupo kwenye vitabu vyetu. Huko Florida, Marekani, tangu mwaka 1996 mtoto anayefundishwa nyumbani anaruhusiwa na sheria kuchezea timu ya shule ya umma iliyo karibu naye. Kwetu hilo bado, na anayekwenda shuleni kudai kwa mfano wa Florida atarudi bila kitu.

Kwa hiyo mzazi abadilishe swali. Asiulize kama mwanawe anaweza kuingia kidogo. Aulize ni mlango gani unampokea mtoto wa umri wake na historia yake, na unafungwa lini.

Tuanze na wadogo. Mwanafunzi wa shule ya msingi siku hizi huingizwa kwenye mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani (NECTA) unaoitwa PReM, na hupewa namba. Uhamisho kutoka shule moja kwenda nyingine hupita humo humo. Jina la anayefanya mtihani wa darasa la nne au la saba hupelekwa na shule, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa vizuri sana nyumbani lakini hana namba hatafika kwenye chumba cha mtihani, hata kama anasoma gazeti kuliko mwalimu. Ndiyo maana nawashauri wazazi wanaopenda kufundisha wenyewe wamwandikishe mtoto kwanza, kisha wafundishe nyumbani kwa kadiri wanavyotaka, asubuhi na jioni. Hakuna anayemkataza mzazi kufundisha baada ya kengele.

Kwa aliyechelewa kuna MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Ulianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya chache, kisha ukaenea nchini. Huu ndio mlango unaokaribiana zaidi na kile wazazi wanachokiomba, kwa sababu darasa la MEMKWA huwa ndani ya shule ya kawaida. Mtoto anapita geti lile lile na kunywa maji ya bomba lile lile. Mpango uligawanya watoto makundi mawili: wa miaka 11 hadi 13, na wa 14 hadi 18. Wa kundi la kwanza husomeshwa kwa mkazo, hufanya mtihani wa darasa la nne, na wakifaulu huingia darasa la tano pamoja na wengine. Wakubwa huandaliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Si kila shule ina darasa hilo, na lililokuwapo mwaka juzi huenda limekufa baada ya mwalimu wake kuhamishwa. Usizunguke shule kwa shule. Nenda kwa Afisa Elimu Kata, umuulize ni shule ipi katani inaendesha MEMKWA mwaka huu. Akikosa jibu, panda halmashauri ukamwone Afisa Elimu Watu Wazima. Jina la cheo linawapotosha wengi, wakidhani huyo ni wa vikongwe tu wanaojifunza kusoma na kuandika, kumbe watoto walio nje ya shule wako kwenye meza yake. Beba cheti cha kuzaliwa kama kipo, na kama hakipo, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Ukumbuke pia kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na kufanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, hadi kidato cha nne. Mpangilio wa madarasa na mitihani unabadilika kwa awamu, basi ulizia mtoto wako anaangukia upande upi.

Anayeona aibu kumpeleka mtoto wa miaka kumi na miwili kuanza, akumbuke kuwa Julius Nyerere alianza Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri huo huo. Miaka mitatu baadaye alikuwa Tabora School.

Binti aliyeacha masomo kwa ujauzito, au kijana aliyeacha kwa sababu nyingine, ana njia yake. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo wataruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida, wakiwemo waliojifungua. Waraka ukafuata, na mwongozo wa mwaka 2022 ukaweka muda wa kurudi kuwa ndani ya miaka miwili. Hapa ndipo familia zetu zinapokosea hesabu. Binti anajifungua, mama mtu anasema mtoto akue kwanza, msimu unapita, wa pili unapita, na wakienda shuleni muda umekwisha. Aliye na nia ya kurudi aandike barua mapema kwa mkuu wa shule aliyoacha, kupitia mzazi, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Akiambiwa kwa mdomo kwamba nafasi hakuna, aombe jibu kwa maandishi na kwenda nalo kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri.

Muda ukishapita, au mwenyewe akiona haya kuvaa sare tena, mlango mpana zaidi uko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mikoani inawakilishwa na mkufunzi mkazi. Chini ya mradi wa kuimarisha elimu ya sekondari, SEQUIP, taasisi hii imekuwa ikipokea mabinti waliokatiza sekondari na kuwasomesha kwa miaka miwili badala ya minne: mwaka mmoja kwa masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, mwingine kwa cha tatu na cha nne. Muulize mkufunzi mkazi kituo kilicho karibu nawe, na kama nafasi za bila ada zipo mwaka huo.

Halafu kuna QT, ambayo kila mtu anaijua kwa jina na wachache wanaijua kwa utaratibu. Huu ni Mtihani wa Maarifa. Kwa asiyekuwa na matokeo ya kidato cha pili ya shule, kufaulu QT ndiko kunakompa ruhusa ya kujisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mjini Tabora madarasa ya namna hii huanza shule za mchana zinapofunga. Ukichungulia dirishani utaona dereva wa bodaboda kakunja magoti kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, karibu yake mama aliyemlaza kichanga juu ya khanga, na ubaoni bado kuna sentensi za Kiswahili za watoto wa asubuhi ambazo mwalimu wa jioni ameziacha nusu ili aandike fomula pembeni.

Mtihani wenyewe hufanyika Novemba, lakini usajili hufungwa mapema mno. Kwa miaka ya karibuni dirisha limekuwa likifunguliwa Januari na kufungwa mwishoni mwa Februari, na anayechelewa huongezewa faini mwezi Machi. Ada imekuwa Sh. 30,000 kwa QT na Sh. 50,000 kwa kidato cha nne. Hakikisha kiasi cha mwaka wako kwenye tangazo la NECTA lenyewe, si kwa aliyekusimulia.

Sasa tazama kalenda hiyo kwa jicho la mtu wa Urambo au Sikonge. Januari na Februari watu wako shambani, tumbaku inapaliliwa, inachumwa, mabani yanawaka. Fedha hakuna. Masoko ya tumbaku hufunguliwa mvua zikielekea mwisho, na malipo huja baadaye zaidi. Maana yake familia ya mkulima hupata fedha wakati usajili umeshafungwa, na kijana husubiri mwaka mzima kwa kukosa shilingi elfu hamsini za Februari. Nimewahi kusikia ikisemwa kuwa vijana wa huku hawapendi shule. Kalenda ya mtihani na kalenda ya jani la tumbaku zinapishana kwa miezi miwili mitatu, na hilo tu linatosha kueleza mengi. Anayetaka kufanya mtihani Novemba ijayo atenge ada kutoka mauzo ya mwaka huu, au kutoka asali ya mwisho wa mwaka, na aiweke mahali ambapo mazishi na harusi haziifikii kirahisi.

Malipo ya NECTA hufanyika kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, kupitia benki au simu. Mtu akikuambia umpe fedha mkononi atakusajilia, ondoka. Vishoka wa usajili wapo, na mtahiniwa hugundua Oktoba kuwa jina lake halimo. Baada ya kulipa, rudi kwenye kituo cha mtihani ulichojisajilia ukaone kwa macho yako masomo uliyosajiliwa na jina lilivyoandikwa. Shija aliyefanya darasa la saba kama Shija Masanja, na leo anajisajili kama Shija M. Juma kwa sababu kahamia kwa mjomba, anajitengenezea safari za miaka mingi za kuapa mahakamani.

Jambo jingine ambalo vituo vingi havisemi waziwazi ni alama. Mwanafunzi wa shule huingia mtihani wa kidato cha nne akiwa na alama endelevu, ambazo ni 30 kati ya 100. Mtahiniwa wa kujitegemea hana. Karatasi za Novemba ndizo zote. Kwa sayansi kuna la ziada: fizikia, kemia na baiolojia zina sehemu ya vitendo, na aliyejisomea nyumbani huenda hajawahi kushika bureti. Kabla ya kujaza masomo hayo, muulize mkuu wa kituo sehemu hiyo itafanyikaje hapo kwake, na kama anaweza kupanga mazoezi siku za likizo chini ya mwalimu wa somo. Hili la maabara ni moja ya machache ambayo mkuu wa shule anaweza kuyaruhusu bila kuvunja sheria yoyote, kwa sababu mtahiniwa huyo tayari ni wa kituo chake. Andika barua, taja jina la somo, taja tarehe. Ombi la jumla la “kusaidiwa kijana” halimpi mtu cha kuidhinisha.

Vitabu havihitaji namba ya usajili. Maktaba ya mkoa mjini Tabora, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, inapokea mtu yeyote, na mtoto wa nyumbani anakaa meza moja na wanafunzi wa shule kubwa za mji. Vijijini ombeni vitabu vya kiada kwa mwalimu mkuu muda wa likizo. Wapo wanaokataa, wapo wanaotoa kwa kusainisha.

Kwa mtoto asiyesikia, nitasema bila kuzunguka: nyumbani hapamfai. Lugha ya alama hujifunzwa kwa wenzake. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapa hapa Tabora mwaka 1963, na watoto hufika kutoka mbali huku wa mji wenyewe wakifichwa uani. Halmashauri ina Afisa Elimu Maalumu. Mpeleke mtoto kwake apimwe na kuelekezwa, kabla hajapitwa na umri wa kupata lugha.

Umebaki uwanja. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari ni mashindano ya wanafunzi walioandikishwa, na uandikishwaji hukaguliwa. Mwaka 2022 fainali za taifa zilichezwa Tabora, na watoto wa nje ya shule walizitazama wakiwa jukwaani. Wa MEMKWA yumo kwenye rejesta ya shule, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza kama umri na usajili wake vinamruhusu, ingawa walimu wengi wa michezo hawamfikirii mpaka wakumbushwe. Fainali za taifa huwa katikati ya mwaka, na mchujo wa shule na kata huanza miezi kadhaa kabla, kwa hiyo swali hilo liulizwe mwanzoni mwa muhula wa kwanza.